Umelipa mkopo wa kampuni kama mdhamini? Hasara hiyo ina nafuu ya kodi Uingereza

Kwanza tuelewane ni hasara ipi ninayoizungumzia. Mtu anaishi Uingereza. Aliwahi kutia sahihi benki ili kampuni yake, au biashara ya mdogo wake, ipewe mkopo. Biashara ikaenda mrama, kampuni ikafilisiwa, benki ikamgeukia yeye aliyesimama dhamana. Akalipa. Wengi wetu fedha ya namna hiyo tunaihesabu kama iliyozama baharini, tunamwachia Mungu, tunaendelea na maisha. Sheria ya kodi ya nchi hii haiihesabu hivyo. Kifungu cha 253 cha Taxation of Chargeable Gains Act 1992 kinamruhusu mdhamini aliyelipa aichukulie fedha hiyo kuwa hasara ya mtaji, na hasara hiyo inapunguza kodi siku atakapouza mali kwa faida. Lakini haiji yenyewe. Lazima uidai, kwa maandishi, na ndani ya muda.

Mimi ni mhasibu hapa Leicester, mzaliwa wa Tanga. Wateja wangu wengi ni watu wa kwetu: wenye teksi, wenye migahawa, wenye saluni, wauguzi walioanzisha kampuni ndogo za kuhudumia wazee majumbani. Jambo la dhamana haliletwi kwangu na mtu aliyekuja kuliulizia. Linajitokeza katikati ya mazungumzo mengine. Mtu amekuja kuuliza kodi ya fleti anayotaka kuuza, tunapiga hesabu, halafu anasema kama anayejisemea: "Na ile benki bado nawalipa mia tano kila mwezi." Benki gani tena? Ndipo yanaanza kutoka.

Sasa, inakusaidia nini? Wacha niseme wazi kabla hujafurahi sana: hasara hii haipunguzi kodi ya mshahara wako. Haigusi PAYE, haigusi kodi ya pango unalopokea wala faida ya biashara yako nyingine. Inapambana na faida ya mtaji tu, yaani faida ya kuuza nyumba usiyoishi, kiwanja, hisa na mali za aina hiyo. Kama huna mali ya kuuza mwaka huu, hasara inakaa inakusubiri miaka yoyote ile, mradi uliisajili kwa wakati.

Tuchukue tarakimu. Kaka mmoja alimdhamini dada yake aliyekuwa na mgahawa uliosajiliwa kama kampuni. Kampuni ikafilisiwa ikiwa na deni la benki la pauni 38,000 na riba ya pauni 1,400. Kaka akalipa pauni 15,000 Januari 2024, na pauni 24,400 zilizobaki Mei 2024. Jumla 39,400. Mwaka wa kodi wa 2025/26 akauza nyumba aliyokuwa akipangisha, akapata faida ya pauni 52,000. Bila hasara ile, angetoa pauni 3,000 ambazo kila mtu anasamehewa kwa mwaka, abaki na 49,000, na kwa kiwango cha asilimia 24 alipe pauni 11,760. Akiwa na hasara: 52,000 kutoa 39,400 ni 12,600, toa 3,000 inabaki 9,600, na kodi yake ni pauni 2,304. Tofauti ni pauni 9,456. Mwenye kipato cha chini, ambaye sehemu ya faida yake inaangukia kiwango cha asilimia 18, anaokoa pungufu ya hapo. Lakini hata robo ya fedha uliyoililia ikirudi, si haba.

Mkopo uwe wa namna gani

Hapa ndipo madai mengi yanapokufa, na yanakufa siku ile mkopo ulipochukuliwa, kabla hata biashara haijayumba. Sheria inataka fedha iliyokopwa itumiwe na mkopaji yote kwa ajili ya biashara yake, au kwa kuianzisha biashara ambayo baadaye kweli ilianza. Yote. Si sehemu kubwa, si "karibu yote". Mnaujua utaratibu wetu: mkopo umeingia wa vifaa vya saluni, elfu tatu inakwenda ada ya mtoto chuoni, elfu mbili inatumwa nyumbani mzee amelazwa. Hakuna wa kumlaumu, mzee ni mzee. Ila mkopo ule sasa umechanganyika, na mdhamini aliyekuwa mbali hana habari kwamba nafuu yake imeondoka na ile elfu mbili. Kwa hiyo ukiombwa udhamini, hata na ndugu wa tumbo moja, sharti la kwanza uliweke wewe: fedha ya mkopo iingie akaunti ya biashara na itoke kwa mambo ya biashara. Ya mzee yatoke mfuko mwingine. Hapo hujamwonyesha mtu kwamba humwamini.

Biashara yenyewe isiwe ya kukopesha fedha, wala isiwe na ukopeshaji ndani yake. Na iwe biashara kweli. Kununua nyumba na kuipangisha kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa biashara kwa maana ya sheria hii, kwa hiyo ukimdhamini shemeji achukue mkopo wa kununua nyumba za kupangisha, ukilipa umelipa.

Kisha angalia ulidhamini nini hasa. Kifungu hiki kinahusu mkopo wa fedha. Wenye maduka na migahawa wengi wanadhamini vitu viwili kwa mpigo, mkopo wa benki na kodi ya pango la fremu, na fremu katika mji kama huu inaweza kuwa na mkataba wa miaka kumi. Mwenye jengo akikudai wewe pango la kampuni iliyokufa, ukalipa, hiyo si hasara ya mkopo. Vivyo hivyo dhamana kwa msambazaji aliyetoa bidhaa kwa mali kauli, na dhamana ya gari lililochukuliwa kwa malipo ya polepole. Ovadrafti ya kampuni, ilimradi ilitumika kwa biashara, inaingia.

Mkopaji asiwe mume au mke wako unayeishi naye, siku ya dhamana wala wakati wowote baada yake. Ukimdhamini mumeo anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe, hakuna nafuu. Kama mkopaji ni kampuni, ambayo kisheria ni mtu wake peke yake, hali ni nyingine. Na ndiyo, kampuni inaweza kuwa yako wewe mwenyewe. Mkurugenzi aliyeidhamini kampuni yake ndiye mteja mkuu wa kifungu hiki.

Kuna mabadiliko ambayo wenzangu wengi wa Afrika Mashariki hawajayasikia. Zamani mkopaji alitakiwa awe mkazi wa Uingereza. Kwa mikopo iliyotolewa kuanzia tarehe 24 Januari 2019, sharti hilo limeondolewa. Maana yake ni kwamba muuguzi wa hapa Leicester aliyesimama dhamana ili binamu yake apate mkopo wa duka la vifaa vya ujenzi Tanga, na mkopo ule ukageuka chechefu, yaani usiolipika, anaweza kudai hapa, ikiwa masharti mengine yametimia. Mkopo wa 2017 kwa duka lile lile hauna bahati hiyo. Ugumu wa mikopo ya nyumbani uko kwenye ushahidi, na huko nitafika.

Siku ya kulipa ndiyo siku ya hasara

Kwa mdhamini, hasara inahesabiwa kutokea siku alipolipa. Si siku kampuni ilipofilisiwa wala siku barua ya benki ilipofika. Kila malipo yanaingia mwaka wake wa kodi, na mwaka wa kodi hapa unaanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata. Muda wa kudai ni miaka minne baada ya mwaka ule wa kodi kuisha. Yule kaka niliyemtaja alilipa Januari 2024, kwa hiyo malipo yale ni ya mwaka wa 2023/24 na mwisho wa kudai ni tarehe 5 Aprili 2028. Yale ya Mei 2024 ni ya 2024/25, mwisho wake tarehe 5 Aprili 2029. Anayelipa mia tano kila mwezi kwa miaka sita ana dai la kila mwaka wa kodi, si dai moja, na akingoja amalize ndipo adai, ya mwanzo yatakuwa yameshapitwa na wakati.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana mtego huu unawanasa hata watu makini. Hasara ya mtaji inasogezwa mbele, hairudishwi nyuma. Mtu anadaiwa na benki, hana fedha taslimu, anaamua kuuza fleti yake ili alipe. Faida ya fleti inahesabiwa kutokea siku mawakili wa pande mbili walipobadilishana mikataba ya mauzo iliyotiwa sahihi, si siku fedha ilipoingia. Mikataba ikabadilishwa tarehe 20 Machi. Fedha ikaingia tarehe 17 Aprili. Kesho yake akawalipa benki, akashusha pumzi. Kikodi amefanya nini? Faida imeangukia mwaka mmoja, hasara imeangukia mwaka unaofuata, na haziwezi kukutana. Atalipa kodi kamili ya fleti aliyoiuza kwa ajili ya deni, kisha abaki na hasara kubwa isiyo na faida ya kuila. Dawa yake ni rahisi ukiijua kabla: mwambie wakili wako mikataba ibadilishwe baada ya tarehe 5 Aprili, au, kama ni lazima iwe Machi, tafuta njia ya kuilipa benki, walau sehemu, kabla ya tarehe hiyo. Wakili wa nyumba hatakuuliza habari ya dhamana. Kazi yake ni hati.

Kuna na jambo la upande wa pili. Hasara na faida zikiangukia mwaka mmoja, hasara inaliwa yote kwanza, kabla ya zile pauni 3,000 za msamaha. Kama faida ni 10,000 na hasara ya mwaka huohuo ni 9,000, unabaki na 1,000, na pauni 2,000 za msamaha zimepotea bure. Hasara iliyotoka mwaka wa nyuma ina adabu zaidi: inatumika mpaka faida ifike 3,000 tu, inayobaki inaendelea kukusubiri. Kwa hiyo kama faida yako si kubwa, ni vizuri kulipa mwaka huu na kuuza mwaka unaofuata.

Kiasi unachodai ni kile ulicholipa kufuta deni la mkopo au riba yake. Tofauti na mtu aliyekopesha fedha yake mwenyewe, ambaye anadai ya msingi peke yake, mdhamini anadai na riba ya mkopo aliyoilipa. Lakini benki ikikuletea hesabu yenye ada za mawakili wao na gharama za kufuatilia deni, hizo hazimo. Wala hazimo za wakili wako. Waombe benki wakuandikie mchanganuo: ya msingi kiasi gani, riba kiasi gani, gharama kiasi gani. Na kama mlipatana, benki ikakubali pauni 20,000 badala ya 39,400, hasara yako ni 20,000.

Usisamehe mapema

Kifungu kinataka deni liwe limeshindikana kulipwa na mkopaji. Halafu kinaongeza kwamba lisiwe limeshindikana kwa sababu ya masharti ya mkopo wenyewe, au kwa sababu ya jambo ulilotenda au uliloacha kutenda wewe mdhamini. Sentensi fupi, lakini ndiyo inayogongana na malezi yetu.

Ukilipa deni la mtu kama mdhamini, kisheria unapata haki ya kumdai yule mtu. Kama benki ilikuwa na rehani juu ya mali za kampuni, ukiimalizia benki deni lote unachukua nafasi yake katika rehani ile; haki hiyo iko katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1856 na bado inafanya kazi. Sasa kikao cha familia kinakaa. Mama anapiga simu kutoka Muheza, analia, anasema mdogo wako amedhalilika vya kutosha, yaishe. Nawe kwa moyo mweupe unaandika kwenye WhatsApp ya familia: "Nimemsamehe, simdai chochote." Mbele za watu umefanya jema. Mbele ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kama kampuni ya mdogo wako ilikuwa bado na gari, mashine au fedha ambazo ungeweza kudai, deni halikushindikana. Wewe ndiye uliyeliachia. Na nafuu imekwenda.

Ninachowaambia wateja ni hiki. Heshimu kikao, mfariji mdogo wako, usimwaibishe, lakini usiandike wala usisaini karatasi yoyote ya kuachilia deni. Kampuni ikifilisiwa, peleka madai yako kwa mfilisi kama wadai wengine wanavyopeleka, hata kama unajua hakuna kitu. Fomu yenyewe ni fupi. Mfilisi akijibu kwamba wadai wasio na rehani hawatapata chochote, umepata karatasi bora kuliko zote utakazoambatisha. Huyu si mdogo wako unayemdai, ni kampuni yake iliyokwisha kufa. Mama naye akielezwa hivyo kwa upole, huwa anaelewa.

Usimpe mtu mwingine haki hiyo ya kudai, kwa kumuuzia au kwa kumpa tu, kabla hujadai nafuu. Ukiishaigawa, sharti limevunjika.

Na usitie sahihi dhamana wakati biashara imeshakata roho. Mtu anaitwa benki aweke dhamana mpya ili kampuni ipewe miezi mitatu zaidi, ilhali mishahara haijalipwa tangu mwezi uliopita. HMRC wataangalia tarehe. Deni linatakiwa lianze likiwa zima, liharibike baadaye. Kama siku ya sahihi lilikuwa limeshaoza, una kazi ngumu.

Mkiwa wadhamini wawili

Dhamana za benki kwa kawaida zinaandikwa kwa namna ambayo kila mdhamini anabeba deni zima. Benki inamfuata aliye rahisi kupatikana, mara nyingi yule mwenye nyumba. Mlikuwa wakurugenzi wawili, wewe ukalipa pauni 40,000 zote, mwenzako akahamia Birmingham akabadilisha namba. Sheria inakuruhusu udai kiasi ulicholipa ukitoa mchango ambao mdhamini mwenzako anapaswa kukupa. Kama mgawo wenu ni nusu kwa nusu, hasara yako ni 20,000, na ile 20,000 nyingine njia yake ni kumdai yeye. Akikulipa, yeye naye anaweza kudai nafuu kwa alichokulipa, maana malipo kwa mdhamini mwenza yanakubalika sawa na malipo kwa benki. Hoja hiyo inafaa kumwambia unapomtafuta. Mtu akijua atarudishiwa kidogo na kodi, simu huanza kupokelewa.

Mikopo ya korona

Nakutana na watu waliolipa Bounce Back Loan ya kampuni kwa fedha zao wakidhani wanalindwa na kifungu hiki. Mikopo ile iliyoanza 2020, ya hadi pauni 50,000, haikuwa na dhamana ya mtu binafsi. Aliyeidhamini ni serikali, na dhamana ile ilikuwa kwa benki, si kwako. Kampuni ikifa, mkurugenzi aliyeitumia fedha ya mkopo ipasavyo hakuwa na wajibu wa kuilipa mfukoni mwake. Ukiilipa kwa hiari, kwa kuogopa jina lako, hukulipa kama mdhamini, na hakuna cha kudai kwa njia hii. Kama bado hujalipa na unataka kuisaidia kampuni ambayo ingali hai, jambo tofauti ni wewe kuikopesha kampuni fedha kwa maandishi, kampuni ndiyo ilipe gharama za biashara. Mkopo wako kwa kampuni una nafuu yake katika kifungu hichohicho, kwa masharti yanayofanana, ingawa riba haimo. Zungumza na mhasibu kabla ya kuhamisha fedha, si baada.

Mikopo mipya ya Growth Guarantee Scheme, iliyoanza Julai 2024, nayo ina dhamana ya serikali kwa benki, ya asilimia 70, lakini mkopeshaji anaweza kukutaka udhamini mwenyewe. Nyumba unayoishi haiwezi kuwekwa rehani kwa mpango huo. Dhamana nyingine ya binafsi inawezekana, kwa hiyo soma unachosaini.

Karatasi, na namna ya kudai

Kusanya hizi mapema, maana benki zinafunga matawi na wafilisi wanaharibu majalada: barua ya ofa ya mkopo, hati ya dhamana yenye sahihi yako, barua ya benki ya kukutaka ulipe, taarifa ya akaunti yako inayoonyesha fedha imetoka, na barua ya benki kuthibitisha wamepokea. Kwa upande wa matumizi, taarifa ya akaunti ya kampuni ya miezi ile mkopo ulipoingia, na risiti za vitu vikubwa vilivyonunuliwa. Kwa upande wa kushindikana, ripoti za mfilisi. Nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, zipakue leo.

Kwa mkopo wa Tanzania huenda hakuna mfilisi wala Companies House. Kwa kampuni, rekodi za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania. Kwa mtu mwenye duka, leseni yake ya biashara na TIN, mkataba wa mkopo, barua za benki, na kama benki iliuza dhamana nyingine kwa mnada, karatasi za dalali zinazoonyesha kilichopatikana na kilichobaki. Zilizoandikwa kwa Kiswahili zitafsiriwe. Malipo uliyofanya kwa shilingi yageuzwe pauni kwa kiwango cha siku uliyolipa, na uweke ukurasa wa kiwango hicho kwenye jalada. Ukituma fedha kwa mkono wa binamu apeleke benki, omba stakabadhi ya benki yenye kutaja mkopo. Muamala wa simu kwenda namba ya binamu unaonyesha umemtumia ndugu fedha, hauonyeshi zaidi ya hapo.

Kama unajaza ritani ya Self Assessment, yaani taarifa ya kodi ya kila mwaka unayoijaza mwenyewe, hasara inaingia kwenye kurasa za faida ya mtaji, SA108, mwaka ule ulipolipa, pamoja na hesabu na maelezo yako. Ritani ya mtandaoni mwisho wake ni tarehe 31 Januari, na unaweza kuirekebisha ndani ya miezi kumi na miwili baada ya hapo. Kama mwaka umeshapita dirisha hilo lakini miaka minne haijaisha, au kama huna ritani kabisa kwa sababu wewe ni mwajiriwa tu, andika barua HMRC. Iwe ya Kiingereza na iseme waziwazi kwamba unadai nafuu chini ya kifungu cha 253(4) cha sheria ile ya 1992. Taja jina lako na namba yako ya mlipakodi (UTR) au ya bima ya taifa, mkopaji ni nani na alikuwa akifanya biashara gani, nani alikopesha, lini na kiasi gani, fedha ilitumika kwa nini, dhamana ulitoa lini. Kisha tarehe na kiasi cha kila malipo, kwa nini deni halilipiki, na kwamba haki yako ya kulidai hujampa mtu. Kama kuna mdhamini mwenza, mtaje na utoe mgawo wake. Tuma kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa, na uhifadhi nakala mpaka siku hasara itakapotumika, hata kama ni miaka ishirini.

Ukiuza nyumba ya kupangisha yenye kodi ya kulipa, kumbuka una siku 60 tangu kukamilisha mauzo za kutoa taarifa na kulipa. Hasara uliyokwisha isajili unaweza kuitumia kwenye hesabu hiyo hapohapo, huna haja ya kungoja ritani.

Mwenye hasara bila mali, lakini mwenye mume au mke mwenye mali, anaweza kufanya hivi: wanandoa wanaoishi pamoja wanaweza kupeana mali bila kodi kuzaliwa kati yao. Hasara haihamishiki kwa mwenzi wako, ila fleti inahamishika. Mke akimpa mume fleti, au sehemu yake, kabla ya kuuzwa, faida ya sehemu ile inakuwa ya mume na inakutana na hasara yake. Uhamisho uwe wa kweli, kwa hati, na kama kuna mkopo wa nyumba juu yake muulize wakili kuhusu ushuru wa stempu kwanza.

Na ikitokea mfilisi akakuletea pauni 2,000 miaka mitatu baada ya wewe kudai, au mdogo wako akainuka tena akaanza kukurudishia kidogo kidogo, pokea na umwombee heri. Fedha hiyo inahesabiwa kuwa faida ya mtaji katika mwaka ulioipokea, na kwa kuwa msamaha wa mwaka ni pauni 3,000, mara nyingi, kama huna faida nyingine, haitazaa kodi yoyote. Iandike tu.